Dawa Kuwamo Kwenye Jeli Si Dawa Kutoka

Mkulima wa Balangdalalu, wilayani Hanang, anayepaka jeli ya diklofenaki kwenye goti linalouma hana njia ya kujua kama dawa iliyotajwa kwenye tyubu inatoka kweli ndani ya jeli. Ubaridi na harufu yake si ushahidi. Asipopata nafuu, huambiwa kwamba maradhi yamekuwa sugu au kwamba hakupaka ipasavyo. Ni nadra jeli yenyewe kutiliwa shaka.

Shaka hiyo ni ya haki. Jeli nyingi ni maji yaliyoshikwa na wavu wa molekuli ndefu, kama vile kabomeri, na dawa hupenya wavu huo kabla ya kuifikia ngozi. Wavu ukiwa mzito kupita kiasi, dawa isipoyeyuka vema, au kiwango cha asidi kikibadilika, sehemu ya dawa hubaki imefungwa. Hivyo tyubu mbili zenye diklofenaki asilimia 1 zinaweza kufaulu sawasawa katika upimaji wa kiasi cha dawa, lakini zisiitoe kwa kasi moja.

Kasi hiyo hupimika. Chombo kinachotumika sana hubeba jina la Thomas Franz, aliyekieleza mwaka 1975. Jeli huwekwa juu ya utando mwembamba. Chini yake kimiminika hukorogwa kwa sumaku, utando ukiwa katika nyuzi joto 32 za Selsiasi, karibu na joto la uso wa ngozi. Sampuli huchukuliwa kwa saa kadhaa, dawa iliyopita hupimwa, kisha kiasi chake huchorwa dhidi ya kipeuo cha pili cha muda. Mstari hutarajiwa kunyooka, na mwinamo wake ndio kasi ya utokaji. Mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikipendekeza kipimo hiki kwa kulinganisha dawa za kupaka kabla na baada ya kiwanda kubadili viambato au mitambo.

Wapo wanaosema kwamba utando si ngozi. Wanasema kweli: kipimo hiki hakithibitishi kwamba mgonjwa atapona. Hata hivyo, dawa isiyotoka kwenye jeli haina namna ya kuingia mwilini, na kipimo kinachogundua kasoro hiyo mapema ni nafuu kuliko maumivu ya miezi.

Tanzania haianzi sifuri. Maabara ya mamlaka ya dawa, wakati huo TFDA na sasa TMDA, ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Msingi huo unatosha kudai kwamba kila jeli inayonunuliwa kwa fedha za umma iambatane na matokeo ya utokaji wa dawa, na kwamba yarudiwe kiwanda kinapobadili utengenezaji.

Mhudumu wa zahanati naye ana sehemu yake. Asichanganye jeli na maji wala krimu nyingine, kwa kuwa chumvi na viambato vigeni huweza kuuvunja wavu. Tyubu iliyojitenga maji irudishwe, na jeli isiyofanya kazi iripotiwe TMDA pamoja na namba ya toleo. Mgonjwa asilaumiwe kabla dawa haijahojiwa.