Historia Itampa Nini Binti Yetu?

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mzazi mmoja kutoka Nkwenda, wilayani Kyerwa, alinisubiri barazani. Binti yake amefaulu kidato cha sita kwa tahasusi ya HKL, na katika maombi ya chuo kikuu ameweka Historia kuwa chaguo la kwanza.

"Ustadhi," akaniambia, "nimeuza kahawa ya misimu miwili kwa ajili ya mtoto huyu. Leo aende kusoma habari za wafu? Atakula nini?"

Nilimwomba mzee wangu anipe wiki moja. Jibu naliandika hapa kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza.

Kwanza, ukweli mchungu. Shahada ya historia haina mlango mmoja unaoisubiri, kama uuguzi unavyosubiriwa na hospitali. Wahitimu wengi huelekea ualimu, na walimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa. Ni kweli kwamba mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, lakini mzazi asiuze shamba kwa kutegemea habari hiyo peke yake. Anayetaka kufundisha achukue historia pamoja na elimu, na awe na somo la pili la kufundishia.

Ama hilo la habari za wafu, hapo nampinga. Historia ya chuo kikuu si kukariri miaka. Ni kuuliza: nani kasema, je, alikuwapo, ana maslahi gani, na mwingine kasemaje? Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tunaifahamu kazi hiyo. Wanazuoni walitafuta mwaka aliozaliwa mpokezi, miji aliyoishi na mwaka aliofariki, asije mtu akadai kusikia kutoka kwa sheikh aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Imam Bukhari, mbali na Sahihi yake, aliandika At-Tarikh al-Kabir kuhusu wapokezi hao. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddimah mwaka 1377, baadaye alikuwa kadhi wa Kimaliki mjini Cairo.

Tuitazame sasa Karagwe yetu. Mwaka 1861 Speke na Grant walifika Bweranyange kwa Mfalme Rumanyika. Jirani na hapo, Kafuro, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waislamu waliopokea bidhaa kutoka Tabora. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, anatajwa katika historia ya Uganda kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kumweleza Kabaka Suna II habari za Mwenyezi Mungu, katika miaka ya 1840. Stanley alimkuta Kafuro mwaka 1876. Sehemu kubwa ya habari hizi tunaipata kwa Wazungu wapita njia, ingawa Israel Katoke aliandika kitabu kuhusu ufalme wa Karagwe, kilichotoka 1975. Watu wale wa Kafuro walioa kwa nani? Watoto wao walisali wapi? Maswali hayo yanamtaka mtu anayejua Kinyambo, anayesoma Kiarabu, na aliyefunzwa kupima ushahidi. Binti huyu, kwa malezi ya nyumbani na madrasa, viwili vya kwanza tayari anavyo.

Sababu yangu nyingine ni ya kiofisi. Nilipokabidhiwa ukatibu nilipewa faili moja na mfuko wa rambo uliojaa stakabadhi. Kiwanja cha mmoja wa misikiti yetu kilitolewa wakfu kwa mdomo na mzee ambaye sasa ni marehemu. Mjukuu wake akaja kudai migomba iliyo nyuma ya msikiti. Kwenye usuluhishi tukaulizwa mwaka na mipaka. Shahidi mmoja akasema kabla ya vita vya Amin, mwingine akasema baada ya vita. Nusu ya migomba ikaenda. Sisemi kijana yule alitudhulumu. Huenda ilikuwa haki yake. Kinachoniuma ni kwamba hatukuwa na njia ya kujua.

Basi kuna kazi ya kutunza kumbukumbu katika halmashauri, mahakama na taasisi zetu, na Chuo cha Utumishi wa Umma huifundisha. Kuna makumbusho na nyaraka za taifa. Wengine huendelea na sheria au uandishi wa habari. Profesa Abdul Sheriff alifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, kisha akasimamia makumbusho ya Zanzibar, na kitabu chake cha 1987 kuhusu biashara ya Zanzibar husomwa hadi leo. Si wote watakaofika huko, na mzazi hana haja ya kudanganywa.

Jumatano nilikwenda Nkwenda. Mzee amekubali kwa sharti: iwe historia pamoja na elimu. Binti hakupinga. Nami nikaongeza langu: kabla ya kuondoka, awahoji wale mashahidi wawili, kila mmoja peke yake, na kamati itamnunulia daftari. Ataanza Jumamosi baada ya Alasiri. Baba yake ameomba awepo, asikilize.