Sanduku la spana limekuwa nyumba ya sarafu

Mwezi huu ukurasa wetu unazungumzia sarafu za zamani na mahali pa kuziweka.

Tunajua nyumba nyingi hapa kambini zina sarafu mbili tatu ambazo haziendi tena dukani. Ziko ndani ya kopo la maziwa, zimefungwa kwenye pindo la kitenge, au zimo ndani ya soksi. Watoto wanazichezea, zinapotea moja moja. Tunajua pia kuna nyumba zenye sanduku la chuma la fundi ambaye hayupo tena, na sanduku lenyewe limekaa tu chini ya kitanda. Vitu hivi viwili vinaweza kusaidiana. Lakini kuna jambo la kuamua kwanza, na hilo ndilo tunataka kuwaeleza.

Baba yetu alikuwa fundi makanika kule Kalemie. Alipofariki mwaka 2019 alituachia sanduku lake, lile linalofunguka pande mbili kama ngazi, lenye vyumba vitano. Ndani mlikuwa na spana, koleo, tupa, bisibisi na nyundo. Mama naye alikuwa na sarafu 43. Nyingine alipewa na bibi, nyingine zilibaki mkononi njiani tulipokimbia. Dada akasema spana zitolewe, sarafu za Mama ziwekwe humo. Kaka yetu mkubwa akakataa kabisa.

"Mama, hizo sarafu haziwezi kununua hata kibiriti," akasema. "Sanduku la Baba lilitulisha."

Mama akamjibu, "Kweli mwanangu. Basi tuanze na spana. Zitalala wapi?"

Swali hilo ndilo lilimaliza ugomvi. Mama alichukua kipande cha turubai la zamani, akashona mfuko wa kukunja wenye vijumba virefu, kila spana na kijumba chake. Mfuko huo tukampa binamu yetu anayejifunza kutengeneza baiskeli. Siku hizi anafanya kazi nao kila siku. Sanduku likabaki tupu, na hapo ndipo sarafu zikapata nyumba.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: usimwage vyombo vya kazi ili uweke kumbukumbu. Tafuta kwanza mikono itakayovitumia. Ikiwa hakuna kijana katika familia, yuko wa jirani.

Kwa nini tunasema hivyo? Tufanye hesabu kidogo, na walimu wa hesabu wanaweza kuipeleka darasani. Mwaka 1967 nchi yetu ilianza kutumia pesa iliyoitwa zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franka 1,000, nayo iligawanywa kwa makuta 100. Kumbe pesa ilipata jina hilo kabla ya nchi, maana nchi iliitwa Zaire mwaka 1971. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe. Franka 1 ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire za kwanza bilioni 300. Mtu aliyetunza sarafu za makuta 5 angehitaji sarafu trilioni 6 ili apate franka moja!

Lakini spana namba 13 iliyonunuliwa miaka hiyo hiyo bado inafungua nati namba 13. Wazee walioweka akiba yao katika vyombo na katika ujuzi wa mikono hawakunyang'anywa na mahesabu ya benki. Vijana wetu walijue hilo.

Sasa mtu atauliza, kama pesa yenyewe imekufa, ya nini kuitunza? Tunaitunza kwa sababu inazungumza. Franka iliyoanza mwaka 1998 ilikuja kwa noti, hata senti zake zilikuwa za karatasi. Kwa hiyo watoto wengi tunaowafundisha hawajawahi kushika mkononi sarafu ya nchi ya wazazi wao. Ukimpa mtoto sengi 10 ya mwaka 1967, nyepesi, yenye chui, anauliza maswali. Na mzazi ambaye kwa kawaida hapendi kuzungumzia kule tulikotoka, anaanza kusimulia bei ya mkate, jina la soko, nani alimtuma dukani. Tumeliona hili katika nyumba zaidi ya moja.

Namna ya kulitayarisha sanduku

Mafuta ya fundi hayapatani na sarafu. Futa ndani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha kwa sabuni na maji ya moto. Kutu isugue kwa msasa. Anika sanduku juani likiwa wazi siku tatu au nne, mpaka harufu iishe kabisa. Kisha tandika kila chumba kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa kikakauka. Nailoni laini usitumie, maana inatunza unyevu, na aina nyingine huacha utelezi wa kijani juu ya shaba. Gazeti pia si zuri, wino wake unaganda.

Kila sarafu ikunjie bahasha ndogo ya karatasi safi. Andika juu yake kwa penseli kabla ya kuiingiza: nchi, mwaka, na ilitoka kwa nani. Sarafu ya alumini isikae ikigusana na ya shaba. Vile vipakiti vidogo vyenye punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, weka kimoja katika kila chumba ili vinyonye unyevu, lakini mbali na watoto, haviliwi. Sanduku lenyewe liweke juu ya matofali, si juu ya udongo. Majira ya mvua, siku jua likitoka, lifungue lipumue.

Na tafadhali, msizisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala ndimu ili zing'ae. Ile rangi nyeusi ya uzee ndiyo ngozi yake. Ukiichuna, michoro inafutika na thamani inapungua. Ishike kwa ukingo, basi.

Namna ya kuzipanga

Wengine hupanga kwa ukubwa. Sisi tulizipanga kwa njia tuliyopita. Chumba cha kwanza ni cha bibi: franka ya alumini ya miaka ya 1950 yenye mti wa mchikichi. Imeandikwa Kongo ya Wabelgiji pamoja na Ruanda-Urundi, kwa hiyo ilikuwa pesa ya babu wa Mkongo, wa Mnyarwanda na wa Mrundi. Watoto wetu wanaogombana kisimani kwa sababu ya makabila waonyeshwe sarafu hiyo.

Chumba cha pili ni cha makuta na sengi. Cha tatu ni cha Kigoma, tulikoshukia kutoka kwenye boti. Humo mna senti 10 yenye tundu katikati, ya wakati ambapo Kenya, Uganda na Tanganyika walitumia shilingi moja, kabla kila nchi haijaanza kutoa yake mwaka 1966. Mna pia za Tanzania zenye picha ya Mwalimu Nyerere: senti 5 yenye samaki, 20 yenye mbuni, 50 yenye sungura. Cha nne ni cha Malawi hapa, na tambala yenye jogoo. Tambala kwa Kichewa maana yake jogoo, na kwacha maana yake kumekucha. Pesa hizo zilianza mwaka 1971. Jogoo anawika, kunakucha! Watoto walilipenda jambo hilo kuliko yote.

Chumba cha tano tumekiacha wazi. Mama amesema kila mtu na aseme mwenyewe kitajazwa na sarafu ya nchi gani. Kaka anasema ya nyumbani. Dada anasema ya ugenini. Sanduku halilazimishi mtu.

Tahadhari

Kuna watu wanaopita wakisema ati sarafu fulani ya zamani ina zebaki, au rupia ya Mjerumani inavuta mchele, na ati kuna mzungu anayeinunua kwa mamilioni. Kwanza watakuomba pesa ya kupima au ya safari. Usitoe hata tambala moja. Sarafu haivuti mchele. Nyingi tulizo nazo majumbani zilitengenezwa kwa wingi, na bei yake ni ndogo. Ukitaka kuuza, usiuze peke yako wala usiku. Waite watu wazima wawili wa familia washuhudie, na umwulize kwanza mwalimu au kiongozi wa mtaa wenu.

Tena sanduku lifungwe kwa kufuli. Mtoto mdogo humeza sarafu haraka kuliko mama anavyogeuka.

Mwenye sarafu asiyoijua asome mwaka wake, kisha ailete shuleni Ijumaa baada ya masomo. Tutaiangalia pamoja, tutamwandikia bahasha yake, na ataondoka nayo. Tunaomba wazee waje pia, hata wasio na sarafu, maana majina ya masoko ya zamani wanayo wao, na sisi tunataka kuyaandika.

Mwezi ujao tutazungumzia kushona mifuko ya shule kwa magunia. Mbaki salama.