Dhahabu ilipe ujira wa malambo

Lambo la kijiji likichimbwa kupitia TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, mtambo ni jembe, sururu na karai la udongo kichwani mwa mama. Katika awamu ya tatu ya mfuko huo, iliyozinduliwa 2012, kaya maskini ilipewa kazi ya siku 60 kwa mwaka kwa Sh2,300 kwa siku, yaani Sh138,000. Ni fedha kidogo mno, lakini kwa familia ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ambayo mvua imeitupa mkono na michembe ya viazi imeisha ghalani, ndiyo debe la mahindi. Tena kazi yenyewe hubaki: maji ya mifugo, bustani ya mboga, miche ya miti. Shinyanga inalijua hilo tangu 1986, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza kurudisha ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilifufuka. Fedha za kazi kama hiyo zinaweza kutoka migodini: jirani yake Geita ina dhahabu, na marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini yanawataka wenye migodi waandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati ni vya lazima, hakuna ubishi. Ila madiwani wa Geita, Kahama na Kishapu wanapoketi na migodi, ujira wa wachimba malambo nao uandikwe humo, ulipwe kwa wakati, kabla ya miezi ya njaa, Desemba hadi Februari.