Ngoma Haijisimamii Yenyewe

Kijana wa Kakamega akitangaza nyumbani kwamba anataka kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa sanaa na utamaduni, jibu analijua kabla hajafungua kinywa. Ataambiwa ngoma haisomewi, mtu huzaliwa nayo. Ataambiwa wazee walicheza isukuti bila cheti. Akizidi kushikilia, ataulizwa kama karo yote hiyo ni ya kwenda kupanga viti na kukodi vipaza sauti.

Imani hii imeenea kuanzia sebuleni hadi ofisi za umma. Ni imani potovu, tena ina madhara, kwa sababu inaiangusha sanaa ileile inayodai kuitukuza.

Mwaka 2014, UNESCO iliandikisha isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ni ngoma tatu zinazokwenda pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi huimba, wachezaji huitikia, wanaume safu yao na wanawake yao. Huchezwa harusini, mazishini na mtoto anapozaliwa. Sababu za dharura hiyo ziliandikwa wazi: wengi wa wanaoijua ni wazee wasio na warithi, pesa na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi havipatikani, watunzi wanakimbilia muziki unaolipa, na hadhira imevutwa na burudani za kisasa.

Katika sababu hizo hakuna mahali palipoandikwa kwamba Waisukha na Waidakho wamepungukiwa kipaji. Kilichopungua ni pesa, vifaa, soko na mpango wa kurithisha. Yote manne ni mambo ya usimamizi.

Chukua suala la vifaa. Ngoma inahitaji gogo la kuchonga na ngozi ya kuwamba. Msitu wa Kakamega uko jirani, lakini unalindwa kisheria, na mchongaji hawezi kujiingilia na shoka lake. Anahitaji mtu wa kuketi na maafisa wa misitu na chama cha jamii cha kuhifadhi msitu, wakubaliane ni miti gani ipandwe kwa ajili ya ngoma, ivunwe lini na kwa kibali cha nani. Mkono hodari wa kupiga ngoma hauleti kibali.

Halafu kuna malipo. Kikundi kikiitwa kwenye mkutano wa siasa, bei hupatanwa kwa simu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Wachezaji hufika asubuhi, wakacheza juani hadi mheshimiwa awasili alasiri. Mwisho kiongozi hutiwa noti mkononi, akazigawa palepale kando ya barabara. Hakuna mkataba wala risiti. Waliowarekodi kwa simu wamekwisha kusambaza video zisizotaja hata jina la kikundi. Siku kikundi hichohicho kinapoomba ufadhili, kinadaiwa hesabu zilizokaguliwa. Kitazitoa wapi?

Hapo ndipo tunapojifariji kwa methali kwamba mcheza kwao hutuzwa. Tuzo ni jambo la heshima, lakini mtu haendeshi nyumba kwa noti ya kubandikwa kwenye paji la uso. Haimlipii bima, haimsomeshei mtoto, wala haimfanyi mjukuu aone sababu ya kujifunza ngoma ya babu.

Sheria nayo haiko upande wa wanaobeza masomo haya. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Jedwali la Nne linaziachia kaunti shughuli za kitamaduni. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya kiasili na sanaa za jadi ikazipa kaunti jukumu la kuyasajili, kuyahifadhi na kuyakinga dhidi ya wanyakuzi. Kazi hiyo inamtaka mtu anayejua nani ana haki ya kusema kwa niaba ya jamii, ridhaa hutafutwaje, mambo gani ya mila hayafai kuanikwa hadharani, na faida igawanywe vipi. Uzamili wa fani hii hufundisha hayo, pamoja na hakimiliki, bajeti na utafiti wa hadhira.

Anayedhani kipaji kinatosha na aitazame Zanzibar. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kupata sifa duniani, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Wanamuziki walikuwapo, Ngome Kongwe ilikuwapo, na mashabiki walikuwapo. Au tumkumbuke Daudi Kabaka, mwana wa Magharibi, ambaye wimbo wake “Helule Helule” ulirekodiwa upya na bendi ya The Tremeloes ya Uingereza mwaka 1968. Wimbo ukishavuka bahari, mtunzi anahitaji mtu wa kusoma mkataba neno kwa neno kabla kalamu haijagusa karatasi.

Wapo wanaosema warsha ya siku mbili hotelini inatosha. Tumekaa katika warsha hizo kwa miaka mingi, tukapewa vyeti na nauli, na wazee wanaendelea kufa na nyimbo zao. Wapo pia wanaohofia kwamba msomi atawapokonya wazee ngoma yao. Hofu hiyo ina msingi pale msomi anapoletwa kutoka mbali, asijue lugha wala mila. Dawa yake ni kuwasomesha watoto wa hapahapa: mwalimu aliyefunza kwaya ya shule, mhasibu aliyekulia Khayega, wakili ambaye nyanya yake alikuwa mwimbaji. Uzamili unawafaa kwa kuwa tayari wana taaluma ya kujengea.

Ni kweli ajira bado ni chache. Basi kaunti itangaze nafasi za utamaduni kwa sifa za taaluma hiyo, kama inavyomtafuta mhandisi wa barabara. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho katika mji wa Kakamega, kiipe fani hii nafasi ya heshima katika ngazi ya uzamili, na wazee wa isukuti waketi kwenye meza ya kuwatahini wanafunzi. Na wewe mzazi, mwanao akija na fomu ya masomo hayo, usimcheke. Mtilie sahihi, umsaidie karo.