Nyani si babu yetu, na ushahidi uko jirani na Mbeya



Ukitaka kuvuruga kijiwe chochote, kuanzia Mwanjelwa hadi Miyomboni, anzisha mada ya asili ya binadamu. Hapohapo utajibiwa: "Kama babu yako ni nyani, sema wewe mwenyewe!" Watu wanacheka, mjadala umekwisha.

Silaumu kijiwe. Nalaumu namna tulivyofundishwa. Mchoro wa nyani anayeinuka hatua kwa hatua, mkia unapotea, mwishoni anatokea mtu. Mtoto anatoka darasani na sentensi moja: "binadamu alitokana na nyani". Sentensi hiyo si kweli! Sayansi inasema sisi na nyani tulikuwa na mababu wa pamoja, zamani sana, kisha njia zikaachana. Jamani, tangu lini binamu akawa babu?

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 2013, watafiti wakiongozwa na Nancy Stevens walitangaza visukuku viwili kutoka bonde la ufa la Rukwa, vyenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Kimoja ni taya la Rukwapithecus, wa jamii ya masokwe, ambayo ndiyo jamii yetu. Kingine ni kipande cha taya chenye jino moja, cha Nsungwepithecus, wa jamii ya nyani na tumbili. Sisemi Rukwapithecus ndiye babu yetu wa moja kwa moja. Nasema kwamba wakati ule koo hizo mbili zilikuwa tayari zimeachana, na zilikuwa zikiishi bonde moja!

Najua kwa nini neno hili linauma. Wachezaji weusi wamerushiwa ndizi na kupigiwa milio ya nyani katika viwanja vya Ulaya. Lakini hao wanaotukana nao mizizi yao ni Afrika. Asili hii si aibu ya mtu mweusi. Ni ya Mzungu, Mhindi na Mchina pia. Sasa kwa nini sisi wenye nyumba ndio tuwe wa kwanza kuikimbia?

Halafu ipo Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, ukishika barabara ya Mbeya. Kuna mashoka ya mawe yanayokadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi, yamechongwa pande zote mbili kwa ustadi. Mikono iliyoyachonga haikuwa ya nyani. Kwa nini basi mwalimu wa Iringa achore shoka ubaoni, wakati mashoka yenyewe yako korongoni pale?

Anayeamini kwamba Mungu ametuumba, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kufikiri.

Hoja yangu ni mbili tu. Walimu, futeni ile sentensi. Wazazi na kamati za shule, changeni nauli, watoto wapelekwe Isimila. Historia yako usipoisimulia wewe, atakusimulia anayekutukana.

Anayebisha aje na hoja. Kicheko si hoja.