Mama, Soma Namba ya Tairi Kabla Hujampandisha Mtoto (Sehemu ya 6)

Sehemu iliyopita tuliongea homa ya usiku. Leo nataka tuongee matairi. Najua mtasema, nesi na matairi wapi na wapi? Nivumilieni kidogo.

Akiletwa majeruhi wa ajali, sisi daftari letu linaandika kilichoumia. Paja limevunjika. Kichwa. Mtoto, miaka 3, mkono wa kushoto. Hakuna mahali pa kuandika kwamba tairi la mbele lilipasuka na lilikuwa na miaka 14. Barabarani nako watu watasema mwendo kasi, watasema dereva alisinzia, wengine watasema ni mkono wa mtu. Tairi linapita hivi hivi bila kuulizwa swali, na mwenzake aliyebaki upande wa pili anaendelea na safari kesho yake.

Na abiria wa yale malori ni sisi. Tusidanganyane. Askari wa usalama barabarani wanakataza watu kupanda juu ya mizigo, na wako sahihi, lakini siku ya mnada nani hajaona Fuso limejaa magunia na juu ya magunia kuna wanawake na watoto? Msimu wa mpunga familia nzima inahamia bondeni na masufuria na kuku wake, inapanda nini? Ukishuka boti Nyamisati jioni na mtoto mgongoni na basi hakuna, unapanda nini? Sipo hapa kumfokea mtu. Nipo hapa kusema kwamba kama unapanda, kuna kitu kimoja unaweza kukiangalia kwa macho yako mwenyewe, hakihitaji fundi wala hela.

Nyie wote mnajua kuangalia tarehe kwenye dawa. Mtu akipewa chupa ya dawa ya kikohozi anaigeuza kwanza. Kwa nini? Kwa sababu dawa inaharibika hata kama chupa haijafunguliwa. Basi mpira nao ni hivyo hivyo. Hewa, joto na jua vinaula taratibu, unakuwa mgumu, unakauka, unaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Ndani kuna nyuzi zilizoshikana na mpira. Mshikano ule ukilegea, siku gari limebeba mzigo, lami ya saa nane inawaka moto na upepo umepungua, tairi linafumuka.

Tofauti ni kwamba tairi halijaandikwa tarehe ya kuisha. Limeandikwa lililotengenezwa lini. Chuchumaa uangalie ubavuni. Tafuta herufi DOT, halafu fuata mstari huo mpaka mwisho, utakuta namba nne, mara nyingi zimezungushiwa kama kibox kidogo cha duara. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, hilo ni la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona 4008, hilo ni la wiki ya 40 ya mwaka 2008, yaani mtoto aliyezaliwa siku moja na tairi hilo sasa hivi ana ndevu. Usichanganye na 7.50-16 au 8.25-16, hizo ni saizi. Na usiposoma namba nne upande huo, haina maana hazipo. Matairi mengi yana namba hiyo upande mmoja tu, na fundi anaweza kuwa ameugeuzia ndani.

Kuna malori mengine bado utakuta namba tatu tu. Jamani. Namba tatu ni tairi lililotengenezwa kabla ya mwaka 2000. Hilo usibishane nalo, shuka.

Sasa hapa ndipo watu wanapodanganyika. Dereva atakuonyesha kashata. "Mama, ona kashata hizi, bado mbichi." Na kweli ni mbichi! Lakini fikiria lile Fuso la namba A la mjomba wako, linalofanya kazi msimu wa korosho tu, miezi miwili mitatu, halafu linakaa chini ya mwembe mpaka mwakani kwa sababu masika njia za huku hazipitiki. Kashata zitaisha lini? Haziishi. Mpira ndio unaoisha. Tena lori linalosimama muda mrefu linaumiza matairi kuliko linalotembea, maana ndani ya mpira kuna mafuta ya kuulinda ambayo hutoka nje tairi likiwa linazunguka na kujikunja. Likisimama, ulinzi unapungua. Kwa hiyo tairi kipara tunaliogopa wote, na tunafanya vizuri, ila mimi naliogopa zaidi lile lenye kashata nzuri na miaka 15. Spea ndiyo usiseme, mara nyingi ndiyo babu yao wote.

Uingereza kuna mama mmoja anaitwa Frances Molloy. Septemba 2012 mwanawe Michael, miaka 18, alikuwa kwenye basi na vijana wenzake wakitoka kwenye tamasha la muziki. Tairi la mbele likapasuka, basi likaacha njia likagonga mti. Walikufa watu 3, Michael akiwemo na dereva pia. Lilipochunguzwa, tairi lile lilikuwa na miaka zaidi ya 19. Lilimzidi umri hata Michael mwenyewe. Na halikuvunja sheria yoyote, kwa sababu kashata zilikuwepo na sheria haikuuliza umri. Yule mama hakukaa. Alihangaika na wabunge na mawaziri miaka na miaka, mpaka tarehe 1 Februari 2021 ikaanza sheria kwamba malori na mabasi yasitembee na tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele. Mama, si injinia.

Kwa nini mbele? Kwa sababu la mbele likipasuka linamnyang'anya dereva usukani. Nyuma kwenye Fuso yako mawili mawili kila upande, moja likienda lingine linashikilia kidogo. Mbele hakuna wa kushikilia.

Msimamo wangu ni huu, na anayebisha aje tubishane. Tairi likipita miaka 5 liangaliwe na fundi kila mwaka. Likifika 10, libadilishwe hata kama linapendeza. Hata Michelin wanaotengeneza na kuuza matairi wanashauri hivyo. Na familia yenye lori ambayo haiwezi kununua matairi 6 kwa mpigo inunue mawili, iyaweke mbele. Wengi wanafanya kinyume, jipya linaenda nyuma kwenye mzigo na mzee anabaki mbele. Mzigo wa mkaa una thamani kuliko waliokaa mbele?

Mkienda kununua, someni namba dukani pia. Lililotundikwa nje juani miaka 4 likapakwa dawa ya kung'arisha muuzaji anakuita "jipya kabisa mama". La mtumba ndiyo kabisa, wenzetu wamelitoa kwenye gari kwa sababu fulani. Pitisha kidole gumba ubavuni. Nyufa? Acha. Limevimba kama jipu? Usiulize hata bei.

Mtaniambia, dada nesi, mwanamke nitaanzaje kumuuliza dereva habari za tairi? Unaanza hivi: "Kaka yangu, samahani, hili la mbele la mwaka gani?" Atacheka. Atasema, kwani wewe fundi? Mwambie hapana, mimi mama wa huyu. Ukiwa peke yako atakudharau, kweli. Mkiwa wanawake 12 wa mnada mmoja mmesimama chini na ndoo zenu hampandi, hachekii tena, maana nauli zenu ndiyo mafuta yake.

Na kuna wengine mna nguvu kubwa zaidi na hamjui. Hela ya tairi, hela ya kutengeneza injini, mara nyingi inatoka wapi? Kikoba. Mume au kaka anakuja, "nikopeshee kwa jina lako, gari likae sawa." Kopesha, lakini chuchumaa kwanza. Andika namba nne za matairi yote 6 na spea kwenye daftari la kikoba, pembeni ya jina lake. Akirudi kukopa tena, fungua ukurasa ule.

Wenye picha za namba msizozielewa nitumieni, nitawasomea. Sehemu ya 7 ni chanjo ya surua ya miezi 18, ile ambayo wengi mnadhani ile ya miezi 9 inatosha.