Walinipa Cheo, Hawakunipa Kazi

Kama umewahi kuitwa mbele ya watu, ukapigiwa makofi na kuambiwa kuanzia leo wewe ndo mlezi, iwe wa kikoba, kwaya au kamati ya harusi, basi mada ya mwezi huu inakuhusu. Kaa vizuri, vuta na kikombe cha chai.

Hivi karibuni nilipita Makuyuni. Siyo ile ya Monduli ambayo watalii hupita wakielekea Manyara, nasema Makuyuni ya Korogwe, mkoani Tanga, kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha. Hapo nikakaa na mama mmoja anayesaidia klabu ya watoto ya kanisani kwao. Kila Jumamosi watoto wanakusanyika, wanaimba, wanajifunza Biblia, wanacheza mpira na kunywa uji. Jambo zuri kabisa.

Sasa sikia mkasa wake. Klabu ilikuwa na viongozi watano: mwenyekiti, makamu, katibu, mratibu na mlezi. Jumamosi moja wote wakaondoka, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayewavusha wadogo barabara. Binti wa miaka sita akabaki mlangoni mwa kanisa mpaka magharibi, malori na mabasi yanapita kwa kasi mbele yake. Bibi yake alimkuta salama, Mungu saidia. Lakini kwenye kikao, vidole vyote vitano vilimwelekea huyu mama.

"Dada, mimi walinipa cheo, hawakunipa kazi," aliniambia.

Nyumbani nako moto. Mumewe analalamika kwamba Jumamosi hana mke. Mama huyu anapika uji, anafundisha, anatunza hela za sukari, halafu jioni analetewa lawama. Wenzake hawaoni uzito, si unajua tena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jambo hili si geni. Kwenye Kutoka sura ya 18, Musa alikuwa anakaa toka asubuhi hadi jioni akiamua kesi za watu peke yake. Aliyemwokoa ni baba mkwe wake, Yethro, aliyemshauri aweke viongozi wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Kesi ndogo wao, kubwa yeye. Wakwe wengine jamani wana faida!

Tena huko Uingereza, mwaka 1780, Robert Raikes wa Gloucester alipoanzisha shule ya Jumapili kwa watoto maskini waliokuwa wakifanya kazi, walimu wake walilipwa. Anayelipwa anajua kazi yake na anajua anaripoti kwa nani. Sisi kwetu walimu wengi wanajitolea, sawa, ila kujitolea hakumaanishi kufanya kila kitu.

Mimi na huyu mama tulichukua daftari tukagawa hivi:

1. Mlezi mkuu. Anapanga ratiba, anaongea na wazazi na uongozi wa kanisa. Akisafiri, jina la anayemshikia linajulikana mapema.

2. Walimu. Kila mmoja na kundi lake la umri. Mwalimu asibaki peke yake na mtoto chumbani, wawepo watu wazima wawili. Hii inamlinda mtoto na inamlinda mwalimu.

3. Mtunza daftari. Anaandika nani kaja na nani kamchukua. Haondoki mpaka jina la mwisho liwe na alama. Hapa ndipo yule binti alipoponyoka.

4. Mtunza hela. Asiwe yule yule anayenunua sukari. Mali bila daftari huisha bila habari.

5. Msimamizi wa usalama. Anavusha watoto barabara, anakagua choo na maji, na mtoto akimnong'oneza jambo la kutisha anajua pa kulipeleka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii akijua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwenye serikali za mitaa. Namba 116 nayo ipo, kupiga ni bure.

6. Viongozi watoto. Wachaguane wenyewe. Waongoze nyimbo, wagawe vikombe, waseme wanachopenda na wasichopenda. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kutoa maoni. Ila kiranja wa miaka 12 asikabidhiwe kuvusha wenzake barabara. Huyo naye ni mtoto, chini ya miaka 18.

Umeona? Mwenyekiti, makamu na mratibu wote wamepata kitu cha kufanya kwa mikono yao. Na mama wa watu anaweza kumwambia mumewe, "Saa kumi na moja nipo nyumbani," na ikawa kweli. Ndoa nyingi zinagombana kwa sababu ya kazi isiyo na mwisho, wala siyo kwa sababu ya kanisa.

Basi shoga yangu, siku ukiitwa mbele, kabla makofi hayajaisha uliza maswali matatu: nafanya nini, naishia wapi, na nisipokuwepo nani ananishikia? Wakishindwa kukujibu, waombe kalamu na karatasi, mkae muandike kwanza.

Tuonane mwezi ujao. Mbarikiwe!